Kutoka Toronto hadi Singapore nikiwa Mbagala: uzi wa tunaofuatilia chesi ya wakubwa

Ngome ya Mbagala (mleta uzi)
Alhamisi, 12 Desemba 2024

Wakuu, salaam.

Naandika hapa mikono bado haijatulia. Leo saa kumi hivi jioni, nikiwa nyuma ya meza ya duka Kariakoo, mtoto wa miaka 18 kutoka Chennai, India, kawa bingwa wa dunia wa chesi. Gukesh Dommaraju. Kamfunga Ding Liren wa China, aliyekuwa anashikilia taji, huko Singapore kwenye mchezo wa 14, wa mwisho kabisa, na mimi nimeona hatua kwa hatua huku kuna dada anasubiri doti mbili za kitenge. Nilimwomba dakika tano. Mungu ambariki, alikaa kwenye stuli akanywa maji yake, hakuninunia.

Nieleze kwanza kilichotokea, maana nimetafuta sehemu ya kuongelea kwa Kiswahili sijaiona.

Walikuwa alama 6.5 kwa 6.5 (kushinda ni alama moja, sare ni nusu). Sare ingewapeleka kesho yake kwenye michezo ya haraka. Ding ana nyeupe. Kete zilishapungua ubaoni: kila mmoja ana mfalme, ngome na askofu, ila Gukesh kamzidi askari mmoja. Anayejua chesi anajua mchezo wa namna hiyo kwa mtu wa kiwango cha Ding ni sare, anashikilia tu. Gukesh naye hakukubali, akawa anamzungusha. Hatua ya 55 Ding akasogeza ngome yake hadi f2 (kila mraba ubaoni una jina lake la herufi na namba), anataka ngome zibadilishane wamalize salama.

Sasa angalia askofu wake alikuwa wapi. Alikuwa a8, kona kabisa. Gukesh akala ngome, mfalme wa Ding akala, halafu askofu mweusi akaja d5 kumkabili yule wa kona. Hana pa kutokea. Njia yake ni ile moja tu inayoteremka kutoka kwenye kona, nayo imezibwa na mwenzake. Ikabidi maaskofu nao wabadilishane, wakabaki wafalme na askari, na hapo yule askari mmoja wa ziada ndiye kila kitu. Hatua ya 58 Ding akatoa mkono, yaani kakubali kushindwa.

Nilichokiona kabla ya hapo ndicho kilichonifanya nifungue uzi. Ding alipoiachia ngome, Gukesh hakucheza papo hapo. Macho yalimtoka, akainama kwenye ubao, akanywa maji, akaangalia tena. Alijua na hakuamini. Na mimi dukani nilijua naye kwa wakati ule ule, kwa sababu sikuwa na kile kipimo cha kompyuta cha pembeni. Nilikuwa naangalia ubao, saa zao na nyuso zao. Nikaona askofu yuko kona, moyo ukapiga paa! Nikamwambia yule dada, "Amekwisha." Akaniuliza nani amekwisha, kuna msiba?

Ombi langu kwenu, wakuu, na ndiyo sababu ya uzi huu: zimeni kile kipimo. Kile kimstari cheupe na cheusi kinachopanda na kushuka kuonyesha nani anaongoza. Kinatuibia mchezo. Nitaeleza nilivyofika hapo, ni hadithi ya Aprili.

---

Ngome ya Mbagala

Naendelea.

Mwaka huu mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa yalifanyika Toronto, Kanada, Aprili. Wachezaji 8, kila mmoja anakutana na mwenzake mara mbili, jumla raundi 14. Wa kwanza ndiye anakwenda kupigania taji, wa pili haendi. Nimeangalia ligi nyingi za mpira, sijaona shindano lenye ukatili wa namna ile.

Raundi zilianza saa nane na nusu mchana kwao, na kwetu hapa ni saa tatu na nusu usiku. Zile raundi za mwanzo ilikuwa bado Ramadhani. Natoka tarawehe, napita kuchukua kahawa na kashata, nikifika nyumbani ndiyo kwanza wanapeana mikono. Kwangu ilikuwa kama imepangwa.

Mwanzoni nilikuwa kama wengi. Simu mkononi, matangazo yanaenda, jicho langu haliko ubaoni, liko kwenye kipimo. Kikipanda nashangilia, kikishuka naguna. Mtu akicheza hatua kipimo kikaporomoka, nasema "huyu naye!" kama vile mimi ningeiona hiyo hatua ya kompyuta. Nilikuwa namdharau grandimasta, mtu mwenye cheo cha juu kabisa cha chesi, nikiwa nimelala kwenye kochi. Leo nikikumbuka naona aibu kweli.

Sasa Idi Pili, tarehe 11, raundi ya 7. Mvua ya masika ilikuwa inamwagika usiku ule, mnakumbuka Aprili ile ilivyokuwa, na umeme ukakatika mtaa mzima. Bando nalo limebaki kidogo, nikiendelea na video halifiki hata nusu saa. Nikafungua Lichess, ile tovuti ya chesi ya bure, ikawa inaleta hatua tu bila picha. Hiyo haili bando. Nikawasha tochi ya chemli ile ya kuchaji, nikatoa ubao wangu wa mbao, nikapanga kete. Askari mmoja mweusi amepotea tangu tulipohama Temeke, mahali pake huwa naweka kizibo cha soda.

Simu ikionyesha hatua, naisogeza ubaoni kwa mkono. Halafu nangoja. Hakuna wa kuniambia nani yuko juu. Gukesh alikuwa anacheza na Alireza Firouzja, mmoja wa wale wanane. Nikawa namfikiria: hapa angefanya nini? Nasema farasi, anacheza kingine, nakaa namtafuta kwa nini. Dakika kumi zinapita hajacheza, na mimi nazikaa zote dakika kumi. Nikaona kwenye simu saa yake inavyoisha, nikaanza kutoka jasho, wallahi. Muda ukambana, akakosea, akapoteza.

Nililala vibaya kama nimefungwa mimi. Ila ndiyo usiku wa kwanza nilioufuatilia mchezo wenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa nafuatilia kipimajoto.

Baadaye Gukesh mwenyewe alisema ni baada ya kipigo kile cha raundi ya 7, siku ya mapumziko, ndipo alipohisi kwamba shindano hili linaweza kuwa lake. Raundi ya 8 akamfunga Vidit, mwingine wa wale wanane. Raundi ya 13 akakutana tena na Firouzja, safari hii akamfunga, akaongoza peke yake.

Nakuja na raundi ya 14, ngoja nifunge duka la nyumbani kwanza, mama watoto ananiita.

---

Mzee wa Vizibo

Kijana wangu, nimesoma yote. Mimi chesi najua kusogeza tu, mchezo wangu ni drafti, miaka arobaini sasa chini ya mwarobaini. Ila umenigusa hapo kwenye kipimo.

Kijiweni kwetu sheria ni moja: mtazamaji hasemi. Ukisema "kula hiyo!" unainuliwa kwenye benchi, na ukirudia unanunua kahawa ya watu wote. Watu wanadhani ni ukali tu. Sivyo. Wakiwa watu wawili wanawaza na wewe pembeni unawaza kimya, wewe nawe uko ndani ya mchezo. Akishatokea wa kusema, wote mnaacha kuwaza mnamsikiliza yeye. Hicho kidude chenu ni mtazamaji anayesema, tena hafukuziki.

Na kizibo usikionee haya. Sisi mchezo mzima ni vizibo, upande mmoja chali upande mmoja kifudifudi.

---

Kijana wa Sinza

Mkuu mleta uzi, hongera kwa andiko, lakini nakupinga kwa heshima. Wewe unajua chesi. Mimi nimejifunza mwaka jana kwenye simu. Bila kile kipimo, nikiangalia Nakamura na Nepomniachtchi, wale wa Toronto, wanacheza naona msitu tu. Kipimo ndicho kinaniambia "hapa kuna jambo", ndipo nakaza macho. Ukinizimia unanifukuza kabisa.

Halafu swali dogo: hawa jamaa wanalipwa?

---

Ngome ya Mbagala

Mzee wangu, shikamoo. Maneno yako nitayachapa niyabandike dukani.

Kijana wa Sinza, una hoja na siikwepi. Mimi mwenyewe nisingefika bila kipimo, ndicho kilichonishika mkono mwaka mzima wa kwanza. Basi nikuambie ninavyofanya na mdogo wangu ambaye naye ni mwanafunzi kama wewe. Hatufuatilii meza zote nne. Tunachagua mchezo mmoja tu. Kabla mchezaji hajasogeza, kila mmoja wetu anaandika kwenye daftari hatua anayoikisia. Tunaangalia saa: aliyekuwa anacheza kwa sekunde kumi kumi, akisimama dakika ishirini, hapo kuna jambo, na hilo hukuhitaji kompyuta kulijua. Kesho yake asubuhi ndiyo tunafungua injini, ile programu ya kompyuta ya chesi, tunapitisha mchezo wote, tunaona tulipopatia na tulipopotea. Mdogo wangu kwenye mchezo mzima alipatia hatua tatu, akaruka ruka kama kafunga goli.

Malipo: Singapore mfuko ulikuwa dola milioni 2.5. Kila mchezo unaoshinda unachukua dola 200,000, kinachobaki wanagawana sawa. Gukesh kashinda mitatu, Ding miwili. Kwa hiyo Gukesh kaondoka na milioni 1.35 na Ding milioni 1.15.

Haya, raundi ya 14 Toronto. Jumapili tarehe 21 Aprili. Gukesh ana 8.5. Nyuma yake wako watatu wenye 8: Nakamura, Nepomniachtchi na Fabiano Caruana. Na raundi hiyo ratiba imewakutanisha wenyewe kwa wenyewe: Nakamura na Gukesh, Caruana na Nepo (ndiye huyo Nepomniachtchi). Hata ukikaa utunge, hutungi hivyo.

Siku hiyo tulikuwa watu wanne sebuleni kwangu. Ubao mmoja wa Gukesh, mwingine wa karatasi nilichora mwenyewe kwa ajili ya Caruana. Gukesh alishika nyeusi, akatulia kama mzee wa baraza, Nakamura kahangaika wee hakupata mlango. Sare. Ana 9, lakini hajamaliza, maana Caruana akishinda au Nepo akishinda, naye anafika 9 na kesho yake wanarudiana.

Sasa huo mchezo wa Caruana na Nepo. Caruana alikuwa na nyeupe na alikuwa anashinda. Hilo tuliliona hata sisi wa Mbagala kwa ubao wa karatasi. Jamaa mmoja kati yetu alishindwa kuvumilia, akafungua kipimo kwenye simu yake kwa siri, kila mara anaguna. Tukajua. Kila akiguna tunajua Caruana kaiacha nafasi ya kushinda. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimekaa na Caruana kwa saa sita, nimechoka naye, nimeona muda wake unavyomwisha na mfalme wa Nepo anavyoponyoka, halafu mtu ananigunia pembeni kwamba kulikuwa na hatua. Ndiyo, ilikuwepo. Ilikuwepo kwa kompyuta isiyolala wala kuwa na njaa ya taji. Kwa binadamu wa saa ya sita mezani ile hatua ilikuwa mbali sana.

Hatua 109. Sare. Saa tisa usiku ilishapita kwetu. Nepo alimwomba radhi Caruana pale mezani, na Caruana akamjibu kwamba kosa ni lake mwenyewe. Watu wawili, ndoto ya miaka imewafia mikononi kwa pamoja, na kila mmoja anamhurumia mwenzake. Mwenye kipimo chake aliona sifuri, yaani sare tu. Sisi tulikaa kimya, hakuna aliyenyanyuka.

Gukesh yeye alikuwa nje anatembea na kocha wake Gajewski, hakuweza kuangalia. Akiwa na miaka 17 akawa mdogo kuliko wote waliowahi kushinda shindano lile.

---

Dada wa Farasi

Naomba nafasi wakuu. Mnaongelea Toronto kama vile kulikuwa na wanaume tu. Ukumbi ule ule, siku zile zile, wanawake nao walikuwa wanacheza lao, raundi 14, na Tan Zhongyi wa China akashinda kwa alama 9, amewaacha wenzake kwa alama moja na nusu.

Ila wangu mimi ni Vaishali. Dada yake Praggnanandhaa, mmoja wa wale wanane wenu. Ndugu wa tumbo moja, kaka upande huu dada upande ule, haijawahi kutokea kabla. Huyu dada alipoteza michezo minne mfululizo. Minne! Raundi ya 6, 7, 8, 9. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu wa klabu ya chesi mambo yake kila asubuhi, na watoto wananiuliza, "Madamu, leo kapata?" Nasema bado. Wanakaa kimya. Halafu raundi ya 10 akashinda. Ya 11 akashinda. Ya 12, ya 13, ya 14, zote akashinda. Mitano mfululizo. Asubuhi ya Jumatatu nilipowaambia, darasa zima lilipiga makofi, na mtoto mmoja wa kike ambaye huwa analia akifungwa alikuja kuniomba nimwandikie jina la Vaishali kwenye daftari.

Hicho nacho hakimo kwenye kipimo, mleta uzi. Niko na wewe.

---

Mwana wa Kigamboni

Wiki ile ile mlisahau kingine. Tarehe 17 hadi 20 Aprili, Tunde Onakoya wa Nigeria alikaa Times Square, New York, akacheza chesi saa 60 bila kulala, anachangisha pesa za kusomesha watoto wa Afrika. Mimi nilikuwa nahama: raundi ya 12 inaisha Toronto, narudi New York kuangalia kama jamaa bado kakaa. Bado kakaa.

Na kwa wanaodhani chesi ni ya kina fulani tu, jirani zetu Zambia wana Amon Simutowe, grandimasta. Misri wana Bassem Amin. Watoto wa Dada wa Farasi wapewe na majina hayo.

---

Ngome ya Mbagala

Dada wa Farasi, nimekosa, umenirekebisha vizuri. Toronto ijayo ya wanawake, popote itakapokuwa, nafungua uzi wake tangu raundi ya kwanza. Mwana wa Kigamboni, Tunde nilimuona, na nilimwonyesha mwanangu.

Neno moja kuhusu Ding kabla sijalala. Tangu jioni naona watu mitandaoni wanaicheka ile ngome ya f2, kwamba hata mtoto haichezi. Sipendi kabisa. Ding amepitia kipindi kigumu cha afya ya akili na alikisema hadharani. Alikuja Singapore watu wengi wanasema atapigwa asubuhi na mapema, akashinda mchezo wa kwanza, tena na nyeusi. Akapoteza wa 11, kesho yake kwenye wa 12 akarudisha. Kafika mchezo wa 14 wakiwa sawa. Na baada ya kufungwa kasema hana majuto. Anayecheka ile ngome akae mwenyewe mezani kwa saa nne, taji la dunia liko mbele yake, halafu aniambie.

Gukesh mwenyewe hakucheka. Alilia. Na huku analia alikuwa anazipanga kete upya mahali pake, moja moja, kama anavyofanya siku zote.

---

Ngome ya Mbagala
Jumapili, 2 Februari 2025

Wakuu, nafufua uzi.

Leo ni raundi ya mwisho ya mashindano ya chesi ya Wijk aan Zee, kile kijiji cha pwani Uholanzi. Siku za kawaida wanaanza saa kumi jioni kwetu, leo mapema, saa nane mchana. Tumekusanyika kijiweni kwa Mzee wa Vizibo, Temeke, chini ya mwarobaini. Tuko kumi na moja. Sheria yake imetumika: simu moja tu, ya kusoma hatua kwa sauti, na anayefungua kipimo ananunua kahawa.

Gukesh na Praggnanandhaa walikuwa sawa kileleni. Gukesh kafungwa na Arjun Erigaisi mapema tu. Kijiwe kizima kikasema basi, Pragg kabeba. Lakini Pragg naye yuko pabaya kwa Vincent Keymer, anakataa kufa, anakataa, saa zinapita, jua linazama, mzee analeta taa. Akafungwa. Wote wawili waliokuwa wanaongoza wamefungwa siku moja, wamebaki sawa kwa 8.5!

Wakaingia michezo ya dakika tatu tatu. Gukesh kashinda wa kwanza. Pragg karudisha. Wa tatu anayeshinda ndiye. Msomaji wetu alikuwa anasoma hatua mpaka sauti inakauka, mzee anasogeza kete kwenye ubao wangu, na kile kizibo kilifika mbali sana leo. Pragg kashinda.

Aliyenunua kahawa ni Kijana wa Sinza, alichungulia mara moja tu, saa kumi na moja, na alikiri mwenyewe kabla hajaulizwa.

---

Kijana wa Sinza

Ni kweli, nilichungulia. Kahawa kumi na moja na kashata. Ila mchezo wa tatu wa Pragg hatua moja niliipatia kabla haijasomwa, mzee ni shahidi.

---

Mzee wa Vizibo

Aliipatia. Nilimwona kaandika kwenye kiganja.